Dole Gumba Juu ya Kitabu

"Na ukimpata, Sabina, utamfanya nini?"

Aliyeuliza ni Peig Hession, jirani wa mlango kwa mlango, siku moja walipokuwa wakifua mtoni, mikono imewaiva kwa baridi. Sabina Lyddy aliinamia kazi yake. Alikuwa akikamua shati la marehemu mumewe. Shati lile halikuwa na wa kulivaa tena, lakini kila Jumatatu alilifua pamoja na nguo nyingine, akalianika, akalikunja.

"Nakuuliza wewe. Utavuka bahari yote hiyo, ufike huko kwenye jua na nyoka, umkute Teige Culhane amesimama mbele yako. Halafu? Utamng'ata?"

"Meno yenyewe yamebaki mangapi," Sabina akasema.

"Basi utamzomea."

"Shika upande wa pili wa shuka, Peig. Tukamue."

Wakakamua. Lakini Peig hakuwa mtu wa kukaa kimya. Alipokwisha kuliweka shuka kapuni akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama mwenzake, "Usinikasirikie. Nami nina masikio, nasikia watu wanavyosema. Siku ile nyasi za wakala zilipoungua, Malachy alikuwa nyumbani kweli?"

Sabina akamtazama. Walikuwa wamekua pamoja, wamepata Komunyo ya kwanza siku moja, wamevaa viatu vya kuazimana. Peig huyu ndiye aliyemshika mkono siku mumewe Malachy aliponyongwa. Na sasa naye anauliza. Sabina akabeba kapu lake kichwani akaenda nyumbani, na alipofika mlangoni alikuwa ameshakata shauri la kuondoka.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Wakala wa mwenye ardhi, yule aliyekuwa akifukuza watu katika nyumba zao, alichomewa usiku rundo lake kubwa la nyasi kavu. Akatangaza kwamba atakayemtaja mchomaji atapewa shamba zuri la bondeni. Haukupita muda, Teige Culhane, mtu wa parokia ya pili, akajitokeza akasema alimwona Malachy Quilty ameshika kinga cha moto. Malachy usiku huo alikuwa nyumbani, mgonjwa wa tumbo, na mkewe alimpikia uji mara mbili. Lakini neno la mke kwa mumewe, hakimu gani atalisikiliza?

Siku ya kesi Teige akapewa Kitabu Kitakatifu mkononi ili aape. Sasa watu wa kaunti ya Clare, huko Ireland, walikuwa na mlango wao wa nyuma katika jambo la kiapo. Sheria ilitaka mtu aseme maneno kisha akibusu Kitabu. Aliyekusudia kusema uongo alikishika Kitabu huku dole gumba limelala juu ya jalada, akiinamisha kichwa akabusu ukucha wake mwenyewe. Mdomo haukugusa Kitabu, kwa hiyo hakuapa. Uongo wake ukawa uongo wa kawaida tu, wa kuungamwa Jumamosi pamoja na matusi na uvivu. Mahakimu waliotoka Dublin hawakuliona hilo, na hata walioliona hawakujua maana yake. Kaunti nzima ililificha, maana hakuna nyumba ambayo haingelihitaji siku moja: leo kumwokoa kaka aliyewinda sungura wa bwana, kesho jirani aliyetengeneza pombe bila kibali. Dole gumba lilikuwa la kuokolea mtu. Teige Culhane ndiye wa kwanza waliyemwona akiulia mtu kwalo.

Wote walioketi nyuma waliona. Wanawake waliguna. Sabina akasimama akapiga kelele kwa lugha ya kwao, "Dole gumba! Amebusu dole gumba lake! Hajaapa huyo!"

Hakimu akamgeukia mkalimani. "Anasema nini yule mwanamke?"

Mkalimani alikuwa mtoto wa hapo hapo. Akawatazama watu, na watu wakatazama viatu vyao. Angesema, mlango ule ungefungwa kwa wote daima. "Si kitu, mheshimiwa," akajibu. "Ni kilio tu."

Askari wawili wakambeba Sabina wakamtoa nje kama gunia. Malachy hakuiona Pasaka.

Teige akapata shamba la bondeni, lakini hakupata wa kumsalimia. Akaanza kunywa. Mwaka wa pili alikamatwa sokoni akiuza mitamba miwili ambayo haikuwa yake, na yeye naye akahukumiwa: miaka kumi na minne ng'ambo ya bahari, New South Wales. Siku habari zilipofika, parokia mbili zilicheza ngoma. Sabina peke yake alibaki ndani.

"Njoo ufurahi, mama," watoto wa majirani walimwita dirishani. "Mungu amekulipia!"

"Mungu hajanilipia," alisema kimoyomoyo. "Amenitoroshea mtu wangu."

Yeye alikuwa mtu wa dini. Misa hakukosa, rozari alisali kila jioni, mvua au baridi. Na kwa sababu alikuwa mtu wa dini, alikuwa amelifikiri jambo lile mpaka mwisho wake. Kama Teige angebusu Kitabu, Sabina angemwachia Mungu, akae asubiri, kwa maana anayeapa uongo kwa Kitabu mahali pake panajulikana. Lakini hakukibusu. Mbele ya Mungu ni mwongo tu kama waongo wengine, ataungama, atasamehewa, ataingia mbinguni akipunga mkono. Basi kama mbinguni hakuna kesi, wa kumshitaki ni nani? Kulibaki mtu mmoja.

Serikali ilikuwa inatafuta wanawake wa kwenda kufanya kazi New South Wales. Sabina akaandikisha jina lake la kwao, Lyddy, kama wanawake wa Clare walivyozoea kutumia hata baada ya kuolewa. Akauza mbuzi, akamwachia Peig funguo, akapanda meli. Shati la Malachy alilifunga pamoja na rozari.

Kule Sydney aliona kwamba watu hawaulizani ukoo wala kijiji. Wanaulizana meli. "Umekuja kwa meli gani?" ndiyo salamu yao, na waliokuja kwa meli moja wanajuana maisha yote kama waliozaliwa tumbo moja. Hilo lilimfaa. Alijua meli iliyomchukua Teige: Lady Kilrane. Akawa anafua nguo za watu karibu na bandari, na kila Mwairishi aliyepita akawa anamwuliza, "Kaka, wewe ulikuja kwa meli gani?" Wengine walimcheka, wengine wakadhani anatafuta mume.

Mwisho alimpata Barney Looby, muuza mikate ya nyama mwenye sikio moja.

"Lady Kilrane? Ndiyo, mama, ndiye bibi yangu huyo. Alinibeba miezi minne akanitapika hapo penye ngazi."

"Teige Culhane wa Clare unamjua?"

Barney akacheka mpaka akaweka sinia chini. "Teige! Kama Barney alitapikwa na meli, Teige yeye ndiye aliyeitapikia meli. Tangu Cork hadi huku! Samaki walitufuata njia nzima, wamenenepa kama maaskofu. Wamtafutia nini? Unataka kumpenda au kumpiga?"

"Nikimwona nitajua."

"Aa, basi ni mume." Barney akafuta machozi ya kicheko. "Yuko juu mto Hunter, kwa Mwingereza mmoja wa kondoo. Lakini usiende ukitaraji mengi, dada yangu. Uso wake ni ule ule, huku hawabadilishi nyuso."

Sabina akanunua mkate mmoja kwa heshima, akampa mtoto wa jirani, akafunga mzigo.

Mto Hunter ulimchukua miaka. Hakuwa na haraka, maana mfungwa wa miaka kumi na minne haendi mahali. Kwanza alifua nguo, halafu akamkamulia ng'ombe bibi mmoja wa Kiskoti, Bibi Geddes, aliyekuwa akiuza siagi mjini. Siagi ya Sabina ilikuwa nzuri, ngumu, haina maji, na Bibi Geddes alipozeeka akamkodisha ng'ombe na banda. Sasa Sabina akawa mwenye nyumba. Na mwenye nyumba kule alikuwa na haki moja kubwa: aliweza kumwomba hakimu ampe mfungwa wa kumfanyia kazi. Mfungwa alilishwa, alivishwa, hakulipwa. Akikosa adabu anapelekwa mahakamani, na neno la mwenye nyumba ndilo linalosikilizwa.

Teige alikuwa shamba la tano kutoka hapo. Sabina alikuwa anajua anapolala, anachokula, na mbwa wa huko wanaitwaje. Mwingereza wa kondoo alipofilisika wakati wa ukame na kurudisha wafungwa wake kwa serikali, Sabina alikuwa wa kwanza kubisha mlango wa Kapteni Averill, hakimu wa mji.

"Nimesikia kuna Mwairishi mmoja anajua ng'ombe, bwana."

Kapteni Averill, mzee mpole mwenye miguu mibovu, akacheka. "Culhane? Anawajua sana. Ng'ombe ndio waliomleta huku."

"Nipe huyo huyo."

Alipokuja alikuja ameshika kofia mkononi, amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, na kikohozi cha vumbi. Akamwinamia. Hakumtambua. Siku ile ya kesi alikuwa akimtazama hakimu, hakumtazama mwanamke aliyebebwa kama gunia.

"Mungu abariki nyumba hii, mama mwenye nyumba."

"Ingia ule," Sabina akasema.

Alimlisha vizuri. Viazi, maziwa ya mtindi, nyama Jumapili. Watu wa mtoni wakamwambia anamharibu. Teige naye alifanya kazi kama mtu aliyepewa likizo. Aliwaimbia ng'ombe wakati wa kukamua, akawaita majina ya wake za magavana.

"Sogeza mguu, Lady Darling, usinimwagie. Mama, umemwona huyu? Ana kiburi kama ametoka Ikulu!"

Jirani aliyepita akacheka. Sabina alitia siagi chumvi.

"Mama ni mtu wa wapi nyumbani?" Teige akamwuliza siku moja.

"Galway."

"Afadhali. Mimi ni wa Clare, na nakuambia mwenyewe, watu wa Clare usiwaamini hata wakiwa wamelala."

"Umeacha maadui huko?"

Teige akafikiri kidogo, mkono ukiendelea kukamua. "Maadui? Walio hai, hapana."

Ndoo ikajaa. Sabina akaichukua akaenda nayo ndani, akaiweka mezani, akaanza kuchuja maziwa.

Kilichomuumiza kuliko vyote ni rozari. Kila jioni alipopiga magoti, Teige naye alipiga magoti karibu na mlango na kuitikia, maneno yote sawasawa, kwa sauti nyepesi ya mtu asiye na deni. Sabina alisikia sauti ile nyuma ya kisogo chake ikisema utuombee sisi wakosefu, na kila punje ya rozari ilimchoma vidole. Jioni moja, walipokwisha kusali, akageuka.

"Teige. Nikuulize. Mtu akisimama mahakamani akasema uongo, na mwenzake akafa kwa uongo ule. Mtu huyo atafika mbinguni?"

Teige akajikuna shingo. "Inategemea, mama. Alibusu Kitabu?"

"Tuseme hakubusu."

"Basi hakuapa! Hapo ni maneno tu. Padre atampa sala chache, yamekwisha." Akatabasamu, akajipiga kofi gotini, akainuka. "Mungu ana macho bwana. Kitabu na dole anavitofautisha."

"Na yule aliyekufa?"

"Aliyekufa amekufa, Mungu amrehemu. Maziwa ya asubuhi nikufunikie au utafunika mwenyewe?"

"Nitafunika mwenyewe."

Tangu Jumapili ile Sabina hakwenda tena mbele kupokea Komunyo. Alikaa kwenye benchi la nyuma, mikono juu ya mapaja, akawaacha wenzake wapite. Padre akamtazama. Mtu akishakusudia dhambi na hataki kuiacha, hana haki ya kupokea, na Sabina hakutaka kumdanganya Mungu. Aliyetaka kumdanganya ni hakimu.

Alinunua saa ya fedha ya mfukoni kwa baharia mmoja. Hakujua hata kuisoma. Aliinunua iibiwe. Kwa juma moja alitembea nayo imening'inia kiunoni, akiwaonyesha wateja wa siagi, wakaisifu. Kisha asubuhi moja, Teige akiwa malishoni, akaenda bandani akaifukia chini ya majani ya kitanda cha Teige. Alipokuwa ameinama aliona rozari ndogo ya mbao aliyoichonga Teige mwenyewe, imetundikwa msumarini. Akaitazama. Akaliweka jani la mwisho juu ya saa, akaenda kumwita askari.

Askari wa mji alikuwa Dinny Hackett, mtu wa Limerick, mfungwa wa zamani naye. Alipoinua majani na saa ikaanguka, alimtazama Teige kwa huzuni hasa.

"Ah, Teige. Chakula kizuri vile, mpumbavu wewe."

"Sijaigusa! Dinny, naapa kwa mama yangu! Mama mwenye nyumba, mwambie! Mimi nikaibe saa nikaiuze kwa nani, kwa kangaruu?"

Sabina alikuwa anafunga shali yake. "Atasema kwa hakimu," akasema.

Mahakama ya mji ilikuwa stoo ya zamani ya sufu, na ilikuwa bado inanuka kondoo. Kapteni Averill aliketi nyuma ya meza, mguu mmoja juu ya kigoda. Kwenye benchi la wafungwa waliketi watu sita au saba wa kesi za ulevi, karibu wote Waairishi, na Teige katikati yao. Nyuma walisimama wateja wa siagi na wavivu wa mji.

Kapteni akamwambia Teige waziwazi. Mfungwa wa kazi, akiiba ndani ya nyumba inayomlisha, yeye hawezi kumwonea huruma. Akithibitishiwa, atampeleka kwa majaji wakubwa, na kutoka kwao njia ni moja tu, Kisiwa cha Norfolk, jela ya wafungwa waliokosa tena. Waliowahi kufika Norfolk walikuwa hawapendi kupasimulia.

"Shahidi aje mbele. Jina lako kamili, mama, kwa karani."

Sabina akasimama wima. "Sabina Lyddy. Mjane wa Malachy Quilty, wa Carrowbeg, kaunti ya Clare."

Hakumtazama Teige, lakini alisikia pumzi yake ikikatika.

Karani akampa Kitabu. Alikuwa ameufikiri wakati huu tangu mtoni kwa Peig, melini, bandarini, kwenye kila ndoo ya maziwa. Akakishika kwa mkono wa kulia. Akakigeuza kidogo upande wa benchi la wafungwa, ili mmoja wao aone vizuri. Akalilaza dole gumba juu ya jalada, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. Akainama akabusu ukucha.

"Dole gumba!" Teige aliruka. "Mheshimiwa! Amebusu dole gumba lake! Hajaapa huyo!"

Maneno yale yale. Sabina alifumba macho, yakamwingia mwilini kama supu ya moto.

"Dole gumba gani?" Kapteni akauliza. Akamgeukia askari. "Hackett, wewe ni wa huko kwao. Huyu anasema nini?"

Dinny Hackett akautazama ule umati wa Waairishi. Umati ukatazama viatu.

"Si kitu, bwana," akasema. "Ni kelele za mtu mwenye hofu."

"Dinny! Mwongo mkubwa wewe! Unajua! Nyote mnajua!" Teige alikuwa ameshika reli ya benchi, sauti imempasuka. "Patsy, mwambie! Wewe pale, mwambieni!"

"Mimi ni mtu wa Dublin," Patsy akasema, akitazama dari. "Sisi tunabusu wasichana tu."

Watu wakacheka. Kapteni akagonga meza. "Inatosha. Mama, endelea. Saa ile uliiona mara ya mwisho..."

"Najua kwa sababu nilifanya mwenyewe!" Teige akapiga kelele.

Kicheko kikakatika kama kimekatwa kwa kisu. Jasho lilikuwa linamtoka puani. Maskini, alikuwa anaiona Norfolk, hakuona kitu kingine.

"Mwenyewe, bwana! Kwetu ndivyo tunavyofanya tukitaka kusema uongo! Niliweka dole hivi, juu ya jalada, nikabusu, na hakimu hakuona, na mumewe akanyongwa! Malachy Quilty! Huyu ni mke wake, amekuja kunilipiza! Hakuwasha moto ule Malachy, mimi sikumwona, sikumwona hata kidogo, nilitaka shamba tu! Sasa unaona, bwana? Unaona kwamba ni kweli?"

Akameza mate, akatazama kushoto na kulia, akitaraji mtu amsaidie. Ndipo alipoelewa alichosema na mbele ya nani.

Kwa Waairishi wale mwizi alikuwa ndugu. Mlevi alikuwa ndugu. Hata aliyeua mtu kwa hasira alipata nafasi karibu na moto. Lakini aliyemwuza mwenzake kwa serikali apate shamba, huyo hakuwa na jina kinywani mwao. Wa kwanza kusogea alikuwa Patsy wa Dublin. Akajikokota kwenye benchi mpaka mwisho. Mwingine akamfuata. Upande wa pili nao wakasogea, bila neno, wakabanana kama kuku kwenye mvua, na Teige akabaki peke yake katikati ya ubao mtupu. Dinny Hackett alikuwa amemshika bega. Akauondoa mkono, akaufuta kwenye suruali.

"Dinny," Teige akanong'ona.

Dinny akatazama ukutani.

Kapteni Averill alikuwa ameshusha mguu kwenye kigoda. Alimtazama Teige, akamtazama Sabina, uso wake ukawa wa mtu aliyegundua kwamba amekaa miaka mingi katika nyumba yenye mlango asioujua. "Karani," akasema taratibu, "mpe mama Kitabu tena. Madole yote mawili chini. Abusu jalada lenyewe, niione midomo ikigusa. Kisha atuambie saa ile ilifikaje kwenye majani."

Sabina akapokea Kitabu. Kilikuwa cha ngozi nyeusi, kimechakaa mahali ambapo midomo ya watu ilipita. Akayaweka madole chini. Chumba kizima kilimtazama. Angebusu na kusema uongo, Teige angekwenda Norfolk, na yeye angekwenda mahali pabaya kuliko Norfolk. Angebusu na kusema kweli, mwenye kosa angekuwa yeye.

"Mama mwenye nyumba," Teige akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sasa. "Mama, mimi nimeshasema. Umesikia nimesema. Apa basi, sema lolote. Sema niliiba! Nipeleke huko. Usiniache hapa na hawa."

Sabina alimtazama usoni, mara ya kwanza tangu alipoingia mlangoni kwake na kofia mkononi. Alimtazama kwa utulivu, bila haraka, jinsi alivyozoea kuangalia siagi kama imeshika. Imeshika. Malachy alikuwa nyumbani na tumbo lake, ameshalala, na sasa watu wa Limerick, wa Dublin na wa Clare walikuwa wamelisikia neno hilo kutoka kinywa kile kile. Litapanda meli lenyewe. Litafika mpaka kwa Peig mtoni.

"Mama," Kapteni akasema, "usipoapa sina kesi. Nitalazimika kumwachilia arudi kazini, kwako au kwa mwingine, hapa hapa mjini. Unaelewa?"

Alielewa. Akakiweka Kitabu mezani, akakinyoosha kikae sawa na ukingo wa meza. Saa ya fedha ilikuwa hapo kando, bado inatembea. Hakuigusa. Akavuta shali juu ya kichwa, akaifunga kidevuni. Waairishi walimpisha njia, mmoja akavua kofia, halafu wengine. Nyuma yake Teige alikuwa anamwita, kwanza kwa jina la mama mwenye nyumba, kisha kwa jina la mke wa Malachy. Sabina akasukuma mlango wa ile stoo ya sufu kwa mkono wa kulia, akatoka.